Kabla ya droni na roboti: mstari, daftari na mpaka



Siku hizi iko swali moja ambalo linarudi kila mara katika mikutano yetu. Vijana wameona kwenye simu video za mashamba ya Ulaya na Marekani: roboti inapalilia yenyewe, droni inapita juu ya mimea, na ndani ya udongo vimezikwa vyombo vidogo ambavyo vinasema kama shamba lina kiu. Wanauliza: na sisi je, lini? Wazee wengine wanajibu kwamba hayo ni mambo ya Wazungu, hayatuhusu hata kidogo. Mimi sikubaliani na wazee hao. Tena sikubaliani na wale wanaotaka koperative ifungue sanduku kesho asubuhi na kutoa falanga za wanachama kununua droni.

Maoni yangu ni haya: vyombo hivi vinaweza kutufaa, lakini kwa kazi chache na mahali pachache. Na kabla havijafika, iko kazi tatu ambazo hazihitaji batri wala intaneti. Tusipozifanya, hata chombo cha bei kubwa namna gani kitakuwa pambo la ofisi tu.

Vyombo hivi vinafanyaje kazi?

Tuanze na kile kinachozikwa. Wataalamu wanakiita sensori, wengine wetu tunasema kapteri. Ni chombo kidogo chenye batri na anteni. Kinafukiwa mahali mizizi inapokunywa, tuseme sentimita 20, 30 au 40 chini. Kinapima unyevu, mara nyingine pia joto la udongo, kisha kinatuma habari kwa mawimbi ya redio. Uzuri wa kukizika chote, bila waya, ni kwamba jembe halikati kitu, mbuzi hawatafuni kitu, na mwizi haoni kitu.

Lakini hapo ndipo shida inapoanzia. Mawimbi ya redio yanapita vizuri hewani, ndani ya udongo yanachoka upesi. Na kinachoyachosha zaidi ni maji. Udongo mkavu wa mchanga unayaacha yapite. Udongo wa mfinyanzi uliolowa unayameza. Maana yake, siku ile mvua kubwa imenyesha, ndiyo siku habari inatoka kwa taabu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nebraska, Marekani, wamefanya kazi miaka mingi juu ya jambo hili. Wanatumia mawimbi ya chini, kama yale ya megahezi 433, kwa sababu yanavumilia udongo kuliko yale ya juu.

Basi, ikiwa sauti ya sensori haifiki mbali, nani atakwenda kuisikiliza? Hapo ndipo roboti na droni zinaingia. Roboti inapita kati ya mistari, au droni inaruka chini juu ya shamba, inakusanya habari za kila sensori kama mtu anayepita nyumba kwa nyumba kuchukua barua. Halafu kompyuta inachora ramani: huku kumekauka, huku bado. Mwaka 2017 watafiti wa kampuni ya Microsoft walieleza mradi wao uitwao FarmBeats, ambao unaunganisha sensori za udongo na picha za droni. Habari walizipitisha kwenye nafasi za mawimbi ya televisheni ambazo hazina kazi, kwa sababu hata Marekani, mashamba mengi yako mbali na intaneti nzuri. Kumbe shida ya rezo si yetu peke yetu.

Swali ambalo sensori inajibu, je, ni swali letu?

Sensori ya unyevu inajibu swali moja: leo nimwagilie maji au ningoje? Kwa mkulima mwenye bomba na pampu, swali hilo ni falanga nyingi. Kwa sisi tunaolima mpunga wa mlimani, muhogo, mahindi na karanga kwa kungojea mvua, hata sensori ikisema "shamba lina kiu", tutafanya nini? Tutaangalia mbingu, basi.

Mama anayelima mpunga karibu na Samba au muhogo upande wa Wamaza anazo shida nyingine ambazo anazijua kwa majina. Majani ya muhogo yanakunjamana juu ya mozaiki. Magugu yanapita mpunga urefu. Mbegu imechoka, inapandwa mwaka baada ya mwaka bila kubadilishwa. Njia ya kupeleka mzigo sokoni imekuwa mashimo na matope. Hakuna hata moja kati ya hizo ambayo sensori itatibu.

Lakini iko mahali pamoja ambapo swali la maji ni letu kabisa: mabondeni, wakati wa kiangazi. Kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane, wamama wengi wanashuka bondeni kulima lengalenga, tomati na vitunguu. Wanabeba maji kwa arozwari au kwa ndoo, asubuhi na jioni. Hapo kila safari ya maji ni mgongo wa mtu. Na mara nyingi tunamwagilia kwa mazoea, si kwa kuona udongo unavyotaka. Maji yakizidi yanashuka chini kupita mizizi, na yanakwenda pamoja na chakula cha mmea. Mtu anachoka mara mbili: kwa kubeba maji, na kwa kupoteza mbolea.

Mfano wa karibu uko Tanzania, mkoa wa Iringa. Katika skimu ya umwagiliaji ya Kiwere, kuanzia mwaka 2013, wakulima waliingia katika mradi uliosaidiwa na Australia. Walipewa chombo kinachoitwa Chameleon, maana yake kinyonga. Kilitengenezwa na CSIRO, shirika la utafiti la Australia. Sensori zinafukiwa kwa vina mbalimbali, na mkulima anasoma rangi: buluu, udongo umelowa; kijani, unyevu unatosha; nyekundu, umekauka. Hakuna hesabu, hakuna Kiingereza. Mtu asiyejua kusoma anaweza kukitumia sawasawa na mwalimu wa shule.

Wakulima wa Kiwere waliona nini? Waliona kwamba walikuwa wakimwagilia kupita kiasi. Wakapunguza siku za kumwagilia, rutuba ikabaki kwenye mizizi, mavuno yakapanda, na muda waliokuwa wakiupoteza kwenye mifereji wakautumia kwa kazi nyingine. Ila tuseme kweli yote: chombo peke yake hakikufanya hayo. Katika mradi ule ule wakulima, wanunuzi na watu wa serikali walikaa pamoja kuzungumza juu ya mbegu, soko na mifereji. Chombo kilifungua mazungumzo, watu ndio waliomaliza kazi.

Na mtu aangalie: kinyonga huyu alianza na waya. Hakuhitaji droni kupita juu yake. Katika bustani ya bondeni yenye hatua mia moja, mtu anaweza kutembea mwenyewe akasoma rangi. Droni ya kazi gani hapo?

Droni nayo, tusiidharau

Sisemi droni haina faida. Zanzibar, kuanzia mwaka 2016, droni zilipiga picha za Unguja na Pemba ili kutengeneza ramani mpya, na walioziendesha ni vijana wa Zanzibar waliofundishwa kazi hiyo, pamoja na wanafunzi wa chuo kikuu chao. Mwaka 2019, katika mashamba ya mpunga ya Cheju, kisiwani Unguja, droni ilinyunyiza dawa juu ya maji ili mabuu ya mbu yasigeuke mbu. Hiyo ni faida ambayo mlimaji wa mpunga anaielewa mara moja, kwa sababu malaria na palizi vinakuja msimu mmoja.

Kwetu, droni ingeweza kutusaidia kupima ukubwa wa mashamba ya koperative, au kuonyesha bonde lipi linashika maji. Lakini iko mambo matatu ambayo lazima tuyaseme wazi.

Kwanza, batri. Droni ndogo inakaa hewani karibu nusu saa, halafu inashuka kuchajiwa. Kasongo na Kabambare tunaishi kwa panosolere na groupe. Kila safari ya droni ina bei yake.

Pili, hofu. Huku mashariki ya nchi yetu, watu walianza kujua droni kwa njia ya vita. Tangu mwisho wa mwaka 2013 MONUSCO ilirusha droni zake kutoka Goma kutafuta makundi yenye silaha. Upande wa Kabambare, ambako watu wameonja taabu ya silaha, kitu kinachovuma juu ya kijiji si mchezo. Na karibu na Namoya na Salamabila, kwenye dhahabu, mtu wa kwanza atakayeiona atasema: wanatafuta mawe chini ya mashamba yetu. Hawezi kulaumiwa. Basi droni isiruke bila ruhusa ya serikali, bila machefu kujua, na bila kijiji kizima kuelezwa siku kabla.

Tatu, ramani yenyewe. Wazee wetu wanakumbuka hadithi za pamba. Mwaka 1917 serikali ya Wabelgiji iliweka sheria ya kilimo cha lazima, na Maniema ilikuwa kati ya sehemu za kwanza kulimishwa pamba. Walikuja watu kupima mashamba na kuandika majina, na aliyeandikwa alidaiwa. Kupima hakukuwa kubaya. Kubaya ni kwamba daftari lilikaa kwa mwingine. Leo daftari linaweza kukaa ndani ya kompyuta iliyo mbali sana. Mwenye ramani ya shamba lako, na hesabu ya udongo wako, anajua bei yako kabla hujafungua kinywa.

Roboti ya kwanza haina batri

Na roboti? Huko Ufaransa kampuni iliyoitwa Naïo ilitengeneza roboti ndogo, Oz, ya kupalilia mboga. Inatembea peke yake kati ya mistari. Ni kazi nzuri. Lakini shamba letu la mlimani, baada ya kukata msitu, lina visiki, magogo na mashimo ya mchwa. Na mpunga wengi wetu tunaumwaga bila mstari. Roboti ile ingesimama hatua ya pili.

Kisha tujiulize, palizi ya Kasongo inafanywa na nani? Wamama na watoto, kwa kuinama, wiki baada ya wiki. Kwa hiyo nia ya kutafuta mashine ya palizi ni nia nzuri, nisieleweke vibaya. Ila mashine hiyo iko tayari tangu zamani na haina batri: ni palizi ya kusukuma kwa mikono, yenye magurudumu ya meno. Huko Madagaska inatumika katika kilimo cha mpunga cha SRI, ambacho padri Mfaransa Henri de Laulanié alikianzisha miaka ya 1980 pamoja na wakulima. Mafundi wetu wa kusudi vyuma wanaweza kuiunda wakiletewa mfano. Inafaa zaidi udongo laini wa bondeni. Na inadai kitu kimoja tu: mpunga upandwe kwa mstari.

Kazi tatu za kuanza nazo

Hapo ninafika kwenye neno langu lenyewe.

Kazi ya kwanza ni mstari. Kamba na vijiti viwili vinatosha. Mpunga, sentimita 25 hivi kati ya mstari na mstari. Mahindi, sentimita 75. Muhogo, mita moja kwa mita moja. Najua mtasema kupanda kwa mstari kunachelewesha. Ni kweli, siku za kupanda zinaongezeka. Lakini siku za kupalilia zinapungua, mbegu haipotei ovyo, na siku mashine yoyote itakapofika, ya kusukuma au ya kompyuta, itakuta njia yake. Hakuna mashine ya palizi duniani inayopenda shamba lisilo na mstari.

Kazi ya pili ni daftari. Sensori ni chombo cha kuandika, hakuna zaidi. Kama hatujazoea kuandika, habari zake zitakwenda bure. Kila mwanachama aandike: tarehe ya kupanda, mbegu gani, siku mvua iliponyesha, siku za palizi, magunia yaliyotoka. Na ukubwa wa shamba. Tuseme wawili wamevuna magunia 10 kila mmoja. Wote wanafurahi. Lakini wa kwanza amelima mita 100 kwa mita 100, hektari nzima. Wa pili amelima mita 50 kwa mita 50, robo ya hektari. Wa pili amemzidi mwenzake mara nne, na bila kamba na daftari hakuna atakayejua, wala hakuna atakayekwenda kumuuliza alifanyaje. Hiyo ndiyo elimu ambayo tunaizika kila msimu bila kujua.

Asiyejua kuandika? Mtoto wake wa shule aandike. Au koperative ichague mwandishi kwa kila kikundi.

Kazi ya tatu ni mpaka. Kabla droni haijapiga picha hata moja, watu wapatane chini, kwa miguu, wakiwepo wazee na machefu: shamba la huyu linaishia hapa, bonde hili ni la kikundi fulani, na wamama wanaolima hapo wasije wakafukuzwa siku udongo ukionekana mzuri. Ramani iliyochorwa juu ya ugomvi haileti amani, inaupa ugomvi rangi tu.

Vipimo vya leo, bila kungoja mradi

Kwa wale wanaotaka kupima tangu wiki hii, viko vipimo vya mkono.

Unyevu wa bustani: chimba kina cha kiganja, chukua udongo, ukamate kwa nguvu. Ukivunjika kama unga, mwagilia. Ukishikana kama donge, ngoja. Ukitoa maji kati ya vidole, umezidisha.

Unyevu wa nafaka kabla ya kuingiza depo: chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tia mahindi au mpunga mpaka theluthi, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa dakika moja, acha dakika 15. Chumvi ikishika kwenye kioo, nafaka ina unyevu zaidi ya 15 kwa mia, irudishe juani. Isiposhika, iko chini ya hapo. Kwa kuweka muda mrefu, ipe jua la siku moja tena. Karanga zinadai kukauka zaidi ya nafaka, kwa sababu kuvu yake ina sumu ya kuharibu ini. Nasema bila kuficha: kwa koperative nyingi, unyevu wa depo unatula falanga kuliko unyevu wa shamba.

Na kwa muhogo, mwenye simu ya kisasa aweke programu ya Nuru ya PlantVillage, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Penn State pamoja na IITA. Unaelekeza kamera kwenye jani, inakuambia kama ni mozaiki au ugonjwa mwingine. Inafanya kazi bila intaneti, na inasema Kiswahili. Simu moja katika kikundi inatosha kuchagua vijiti safi vya mbegu.

Wakija na mradi, tuulize

Siku shirika lolote, hata hili letu, litakapoleta sensori na droni, komite isipige makofi kwanza. Iulize maswali haya:

1. Batri ikikufa mwaka wa pili, nani ananunua, na wapi?
2. Nani kati yetu atafundishwa kukitengeneza, si kukiwasha tu?
3. Habari za udongo wetu zitakaa wapi, na koperative itabaki na nakala kwenye karatasi?
4. Kinasema lugha gani, na mama asiyesoma atakitumiaje?
5. Ni kazi ya nani itapungua, na ni kibarua cha nani kitapotea?
6. Kwa falanga hizo hizo, tungepata nini kingine: mashine ya kukoboa mpunga, mbegu safi, daraja?

Swali la sita ndilo zito. Mgeni akija na zawadi, ni vigumu kumwambia tulitaka nyingine. Lakini sanduku la msaada lina kimo chake, na kinachokwenda kwenye droni hakiendi kwenye mashine ya kukoboa. Mama anayetwanga mpunga kwa kinu usiku ana haki ya kusikilizwa kabla ya kijana mwenye video.

Pendekezo langu ni dogo. Kila teritware ichague bonde moja la wamama wanaolima kiangazi. Tuombe sensori chache za rangi, zile za kusoma kwa macho. Nusu ya bustani imwagiliwe kwa rangi, nusu kwa mazoea, wamama wenyewe wakiandika ndoo za maji na mavuno. Baada ya kiangazi kimoja tutakuwa na hesabu yetu, ya udongo wa Kasongo na wa Kabambare, si ya Nebraska wala ya Iringa. Ikionyesha faida, tutapanua, na pengine siku moja droni itapita kuchukua habari ambazo miguu haiwezi kuzifikia. Ikionyesha hasara, tutakuwa tumepoteza vitu vichache, na daftari litabaki kwetu.

Koperative ambazo ziko tayari kutoa bonde, zimwambie animateri wenu kabla mvua haijakatika. Waje na kamba na daftari mkononi.